"AMEGUSA TU"

Kwa kuwa Katibu ameshairusha ile picha ya jedwali langu la michango kwenye magrupu matatu, tena kaikata pale juu ili maelezo yangu yasionekane, acheni nijieleze mwenyewe.

Mnajua mimi ndiye mhazini wa harusi ya mdogo wangu. Nilikuwa na shiti mbili za Excel: Ahadi (jina, namba ya simu, kiasi) na Malipo, yaani miamala ya laini ya michango. Kwenye Ahadi, Excel ilishameza sifuri ya mbele, zikabaki tarakimu 9. Kwenye Malipo namba zinaanza na 255. Nikachukua tarakimu 9 za kulia kwa RIGHT, na kwa kuwa RIGHT hutoa maandishi na siyo namba, nikazidisha kwa 1, zikakubaliana. Hapo nilijiona injinia kabisa.

VLOOKUP, fomula ya kutafuta namba ya mtu kwenye shiti nyingine, ikavuta kiasi alichotoa, FALSE mwishoni ili isikisie, IFERROR ikamgeuza asiyeonekana kuwa 0. Nikagawanya kwa ahadi, jibu likaenda kwenye kijedwali cha hadhi: 0 HAJATOA, 0.001 AMEGUSA TU, 0.5 ANASOGEA, 1 AMEMALIZA. (Hiki nilikisoma kwa TRUE, yaani kinachukua kiwango cha karibu kwa chini, kwa hiyo kimepangwa kuanzia dogo. Hakikuwa na kosa, naomba iandikwe.)

Saa tatu usiku nikatupia grupuni, nimeipaka na rangi.

Mstari wa 4. Baba Mkubwa, mwenyekiti. Ahadi 500,000. Ametoa 1,000. AMEGUSA TU. Nyekundu.

Tiki zikageuka bluu. Juu pakatokea "Baba Mkubwa anaandika…" Pakazima. Pakawaka tena. Shangazi akatupia stika ya bibi aliyeziba mdomo. Mimi simu mkono huu, tonge la ugali mkono ule, tonge linapoa. "anaandika…" Watu 86, kimya. Halafu:

"Mwanangu, ile elfu moja nilikuwa najaribu kama namba ni yenyewe."

Dakika mbili baada ya hiyo elfu moja alituma 499,000. Lakini VLOOKUP ikikuta namba inayofanana husimama hapohapo kwenye ya kwanza, ya chini yake haina habari nayo. Sasa niambieni, nani anatuma nusu milioni bila kutanguliza buku? Basi wenye michango minono wote ndio "waliogusa tu". Na Mama Mdogo, aliyetuma kwa simu ya mwanae, HAJATOA. Msicheke, IFERROR mnazo hata ninyi.

Nikafuta kwa wote, Katibu alishapiga picha. Nikaweka =SUMIF(Malipo!C:C,B2,Malipo!D:D), inayojumlisha miamala yote ya namba moja, nikaomba radhi, waliosoma sifuri nikawapigia mmoja mmoja.

Leo asubuhi imeingia 1,000 kutoka kwa Baba Mkubwa. Ahadi yake imeshatimia, kwa hiyo sijui safari hii anajaribu nini.