Mshenga Kibogoyo

Meno ya bandia hayaoshwi kwa dawa ya meno. Ile dawa ina chengachenga zinazokwangua, na akriliki, ile plastiki yanayotengenezewa, ni laini kuliko jino la kuzaliwa nalo. Haipiti miezi mingi mng'aro umepotea, mikwaruzo imejaa, na ndani ya mikwaruzo kumeweka maskani uchafu na harufu. Tumia kipande kidogo cha sabuni ya mche na mswaki laini ambao hauna kazi nyingine. Osha juu ya beseni lenye maji nusu, ili yakikuponyoka yaangukie majini na si kwenye sakafu ya saruji. Suuza kwa maji ya baridi. Ya moto yanaipinda sahani, yaani ule msingi unaoshika meno, na sahani iliyopinda haikai tena kinywani hata uibembeleze vipi.

Yote hayo yalitimizwa Jumamosi ile, uani kwetu Tandika, kwenye bomba. Nayataja mapema kwa sababu mke wangu naye ana simulizi yake.

Seti yangu ni ya juu tu, meno kumi na manne. Chini bado nina ya kwangu, machache lakini watiifu. Nilikwisha sugua, nikasuuza, nikayaweka ukingoni mwa beseni kando ya kile kipande cha sabuni, nikainama kunawa uso. Alasiri ile nilikuwa mshenga: tunapeleka posa ya mtoto wa dada yangu kwa watu wa Mbagala Rangi Tatu, kanzu imeshapigwa pasi.

Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anajua habari ya kunguru na sabuni. Sabuni ni mafuta, naye mafuta anayapenda, hivyo ukiacha kipande nje hukikuti. Hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji hata kidogo. Asili yao ni India, wakaletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, kisha wakavuka wenyewe kuja bara bila kuulizwa vibali. Huyu wa kwangu alitua kufuata sabuni. Sasa ama aliona vibaya, ama meno nayo yalinukia sabuni, sijui. Nilichosikia ni kwara! Kuinua uso, namwona kunguru anaelekea juu ya mwarobaini wa jirani huku ananichekea kwa meno yangu mwenyewe.

Nikapiga kelele. Mtu asiye na meno ya juu akipiga kelele "mwizi!" watu hawaelewi anasema nini. Wajukuu wakatoka, mke wangu akatoka, wote wananitazama mimi badala ya kutazama juu. Kule mtini kunguru wenzake wakamvamia wakidhani kapata nyama. Katika kugombania, meno yakawaponyoka, yakagonga bati la jirani, yakateremka kwa mlio, yakaingia uani kwa mama anayeuza vitumbua. Yeye alikuwa anachambua mchele.

"Jamani! Taya la mtu!"

Mtaa mzima ulifika kabla yangu. Mke wangu akapenya katikati ya watu, akayaokota kwa ncha ya kanga, akageuka: "Baba Zuhura, ni ya kwako haya. Jino la pembeni nalijua."

Yalikuwa vipande viwili. Yamepasuka katikati kabisa, kati ya yale mawili ya mbele. Saba kulia, saba kushoto, mgao ambao hata kadhi asingeupinga.

Hapo ndipo seti nyingi za juu hupasukia, na si lazima ziibiwe. Ukishang'olewa meno, mfupa wa ufizi unaendelea kusinyaa mwaka hadi mwaka, ila kaakaa katikati ni gumu na halisinyai hivyo. Sahani inabaki imeegemea mfupa wa katikati, huku na huku pako wazi, na kila ukitafuna inapinda kidogo. Ufa unaanzia mbele, kwenye ule mkato unaoachwa kwa ajili ya ugwe wa mdomo, ule uzi wa nyama unaounganisha mdomo wa juu na ufizi, unasogea nyuma taratibu bila mwenyewe kujua. Dalili ni kwamba yanaanza kucheza, chakula kinaingia chini yake, na unajikuta unayasukuma kwa ulimi. Wengi wetu tukifika hapo tunasema ni uzee tu. Siyo. Ni sahani inayotaka kujazwa upya upande wa ndani, na kazi hiyo ni nafuu kuliko seti mpya.

Fundi viatu wa pale kona naye alikuwepo, na supaglu yake mfukoni. "Mzee, dakika moja tu." Nikatikisa kichwa kwa nguvu zote. Gundi ile inakauka kabla hujavipanga vipande sawasawa. Vikipishana unene wa unywele tu, sahani haikai. Halafu fundi wa meno analazimika kuisaga gundi yote ndipo aanze kazi, na kingo zikishasagwa hazikutani tena kama mwanzo. Vipande vinasuuzwa, vinafungwa kwenye kitambaa chenye unyevu, vyote, hata chenga, vinapelekwa kwa mwenye kazi yake. Tatizo ni kwamba mwenye kazi yake alikuwa amefunga mpaka Jumatatu.

Kwa hiyo Rangi Tatu nilikwenda hivyohivyo. Kumbadilisha mshenga siku ya posa ni kuutangaza mkosi, na shemeji yangu, ambaye ndiye angenirithi, huwa hamalizi kusalimia.

Kwenye daladala nilijipima. F na V zinataka meno ya juu yagusane na mdomo wa chini. Ukiyakosa, F inageuka P na V inageuka B. TH na DH zinalegea kuwa T na D, na S inapuliza upepo. Ukiyaondoa hayo yote kwenye hotuba ya posa, kinachobaki ni salamu na "ahsante", nayo "ahsante" ina S. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri. Tulipokaribishwa mkekani, nikafuta uso kwa leso, nikaanza.

"Tumepika kwenu," nikasema.

Mzee wao akatazama mikono yetu kama kuna sufuria. Kijana wetu akajiinamia. Shemeji akanong'ona kwamba mzee ana jino linamsumbua, jambo ambalo kwa namna fulani lilikuwa kweli. Tangu hapo nikaishika leso mdomoni na kunyamaza.

Wakasoma barua, wakataja mkaja wa mama na kilemba cha mjomba, nikawa naitikia kwa kichwa. Wakafika kwenye mahari. "Sisi tumeona laki arobaini." Kikomo tulichopewa nyumbani ni thelathini. Jibu langu la kawaida lingekuwa refu, lenye "fedha" na "vijana" na "tufikirieni" ndani yake. Nikabaki na leso yangu, nawatazama. Kimya kikakaa. Wakatazamana wao kwa wao.

"Basi, thelathini na tano."

Nikashusha pumzi. Naapa ilikuwa pumzi tu.

"Mzee huyu mgumu. Haya, thelathini."

Hapo ningekubali, ila shemeji alinibana goti, nikachelewa, wakashuka tena hadi ishirini na nane. Nikatikisa kichwa upesi kuwa ndiyo, kabla hawajakasirika. Njiani kurudi watu wananisifu kwa ukakamavu.

Visheti ndivyo vilivyonishinda. Vimekaangwa vikawa kokoto, na mgeni wa posa hakatai. Nilivichovya kwenye chai, nikavisubiri vilainike, nikavimeza. Mama wa binti akafurahi kuona navila kwa adabu, akaniongezea sahani.

Jumatatu nilikuwa wa kwanza kliniki. Fundi akavikutanisha vipande, akavishika kwa nta, akamimina plasta chini kupata umbo la kaakaa, akasaga ufa upanuke kidogo, akajaza akriliki mpya, akang'arisha. Wakati wa kuchukua akanifundisha upya, na mengine nilikuwa nimeyasahau. Kulowesha kinywa kwa maji kidogo kabla ya kuyavaa, maana sahani ya juu inashikwa na utando wa mate, na baadhi ya dawa za presha zinakausha mate. Kutafuna pande zote mbili kwa pamoja. Kutong'ata hindi la kuchoma kwa meno ya mbele, kwa sababu ukisukuma mbele, nyuma inanyanyuka, lipukuchue kwanza. Kulala bila meno, yakiwa kwenye kikombe cha maji chenye kifuniko.

Akafungua daftari la matengenezo. Lina safu ya sababu: yaliangushwa, yalikaliwa, yalitafunwa na mbwa. Akaniuliza aandike ipi.

"Kunguru," nikasema, kwa herufi ambazo sikuhitaji meno kuzitamka.

Akaweka kalamu chini. "Mzee, na mwenzako mmoja alikuja wiki iliyopita akasema hivyohivyo. Wewe unakaa mtaa gani?"