Barabara ya Bugala: baiskeli zipewe njia yake au zipewe saa zake?

Feri ikigusa gati ya Luuku, kisiwani Bugala katika Ziwa Victoria, mlango wake huteremshwa na magari hutoka kwa pupa. Lori tupu zinazokwenda kubeba chikichi, taksi iliyofungwa magunia juu, pikapu moja mbili, halafu boda kama nyuki waliochokozwa. Sisi wenye baiskeli hujitenga kando tukasubiri. Vumbi jekundu hupanda, likatua juu ya majani, na baada ya robo saa hivi barabara inanyamaza kabisa. Unasikia mnyororo wako mwenyewe. Unasikia hondohondo msituni. Kuanzia hapo mpaka feri nyingine ifike, unaweza kukanyaga pedali muda mrefu bila kupisha gari lolote.

Ukimya huo ndio uliozaa wazo ambalo waendesha baiskeli wenzangu wa Kampala wanalizungumza kwa hamasa: Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote 84 vya Ssese nchini Uganda, kitengewe njia ya baiskeli isiyoingia gari. Anayetoka Masaka huvuka kwa feri ya bure ya Bukakata. Anayetoka Entebbe hupanda MV Kalangala pale Nakiwogo, akafika Lutoboka kwa saa tatu na nusu hivi. Anakuta ziwa huku, msitu kule, na milima ya kuyatesa mapaja. Aliyezoea kuponea chupuchupu kati ya taksi na boda za Kampala, mahali kama hapo ni dawa.

Nami nimeonja dawa hiyo, kwa hiyo sizungumzi kama mpinzani. Tena mfano upo. Kisiwa cha Mackinac, katika jimbo la Michigan kule Marekani, kilipiga marufuku magari mwaka 1898, na barabara inayokizunguka, ya kilomita 13 hivi, ni ya baiskeli, farasi na waenda kwa miguu. Uchumi wa kisiwa haukufa. Wageni huvuka ziwa kwa sababu hakuna magari. Mtu akikuambia kwamba kisiwa bila gari ni ndoto, mwonyeshe Mackinac.

Lakini mfano huo unavunjika ukiuleta Bugala, na unavunjikia kwenye chikichi. Wakazi wa kudumu wa Mackinac ni kama 500, na riziki yao ni mgeni. Bugala inalima. Tangu miaka ya 2000 sehemu kubwa ya kisiwa imegeuzwa mashamba ya michikichi, ya kampuni na ya wakulima wadogo. Na mkungu wa chikichi haungoji mtu. Ukishakatwa, asidi huanza kupanda ndani ya tunda, hasa likichubuka, na mafuta yanashuka ubora. Ndiyo maana inatakiwa ufike kiwandani ndani ya siku moja hivi. Mkulima aliyerundika mikungu yake kando ya barabara asubuhi anaitazama barabara ileile kwa jicho jingine kabisa. Lori lisipopita, mavuno yake yanaharibika mbele ya macho yake. Ongeza sangara wanaosafirishwa kwenye barafu kutoka mialoni, ongeza mama mwenye uchungu anayekimbizwa kituo cha afya usiku, na utaona kwa nini neno “kufunga” linawatisha watu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wageni hulisahau. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yalipoua watu wengi kandokando ya ziwa, serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa Ssese, na visiwa vikakaa vitupu miaka kadhaa kabla ya watu kuruhusiwa kurudi. Sababu ilikuwa ya kweli, watu walikuwa wanakufa, lakini uamuzi ulitoka ng'ambo. Baadaye ikaja michikichi, na migogoro ya ardhi ikafuata. Kwa hiyo mtu wa bara akishuka kwenye feri na baiskeli nyepesi ya bei ya pikipiki mbili, akaanza kupendekeza barabara ifungwe, asishangae akitazamwa kwa mashaka. Wenyeji wana haki ya kuuliza: njia hiyo ni ya nani?

Swali hilo lilinikaa baada ya tukio moja. Nilikuwa napanda mlima taratibu, na mbele yangu mzee mmoja anaisukuma baiskeli yake ya keria ndefu, jerikeni nne za njano zimefungwa kwa mpira wa tairi kuukuu. Waganda huiita baiskeli hiyo maanyi ga kifuba, nguvu za kifua. Lori likaja nyuma yetu, likapiga honi bila kupunguza mwendo. Mimi nilirukia majani. Yeye hakuweza, mzigo ulimvuta, baiskeli ikalala mtaroni, jerikeni moja ikapasuka. Tulipoinyanyua, alikuwa anayatazama maji yanavyozama kwenye changarawe, hakusema neno juu ya dereva. Alisema, “Mwanangu, hii ni safari ya pili leo.”

Sisi tunadai njia ya kufurahia mandhari. Yeye anahitaji mahali pa kupitisha maji yake akabaki hai. Mpango wowote wa baiskeli usiomwanzia yeye, mimi siuungi mkono, hata kama unanipa kilomita 60 za raha.

Wengine wanasema basi ichongwe njia mpya kandokando ya ziwa, barabara kuu iachiwe malori. Inavutia masikioni, ila hapa nakataa moja kwa moja. Kanuni za mazingira za Uganda zinalinda ukanda wa mita 200 kutoka ufuo wa ziwa hili, na ukanda huo tayari umeonewa vya kutosha. Kukata msitu ili watu waje kuutazama msitu ni kujidanganya.

Linalobaki ni saa. Kigali tangu 2016 hufunga baadhi ya barabara zake asubuhi za Jumapili maalumu, watu wakakimbia na kuendesha baiskeli, kisha magari yakarudi. Bugala ina bahati ya kupangiwa saa na feri zenyewe: magari huja kwa mawimbi, na kati ya wimbi na wimbi kuna utulivu. Malori na magari ya watalii yanaweza kusimamishwa asubuhi moja ya Jumapili kwa mwezi, kwenye kipande kimoja, kwa tarehe inayojulikana mapema ili mkulima asivune siku hiyo. Boda ziachwe, maana siku hiyo ndizo zinazowapeleka watu kanisani. Gari la wagonjwa lipite wakati wowote. Najua wenzangu watasema hiyo si njia isiyo na magari. Ni kweli, ni nusu yake, na naona nusu hiyo inatosha kuanzia.

Ila hata kabla ya saa hizo, kuna deni la zamani. Sera ya taifa ya usafiri usiotumia injini, ya mwaka 2012, inawatambua waenda kwa miguu na waendesha baiskeli kuwa watumiaji wa barabara wanaopaswa kujengewa nafasi yao. Iwe changarawe au lami, nafasi hiyo ni bega la barabara lenye upana wa kutosha, lisilogeuzwa maegesho wala rundo la mchanga. Kama fedha ni za kipande kimoja tu, zisiende Lutoboka kwenye hoteli. Ziende kwenye mlima ule, upande wa kushoto ukipanda, anaposukuma mzee wa jerikeni.