Mahindi ya GMO: ninayoyaona Iowa na ninayoyataka Kongwa

Kila klipu ya kutisha kuhusu GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, ikizunguka kwenye magrupu ya nyumbani lazima nitumiwe mimi, maana wanajua niko Iowa, jimbo linaloongoza Marekani nzima kwa mahindi, na swali ni lile lile, hivi nyie huko mnakula hayo madude kweli, au wanayatengeneza wanatuletea sisi Waafrika wao hawayagusi? Jamani, wanakula. Zaidi ya asilimia 90 ya mahindi na soya inayolimwa Marekani ni mbegu za GMO, walianza kwa wingi 1996, kwa hiyo kuna watu wazima wenye watoto wao saivi ambao hawajawahi kuishi siku moja bila hivyo vitu. Mafuta ya kupikia ya soya, sukari ya maji ya mahindi iliyoko kwenye soda, humo humo imo, na kuku wa nyama, wa mayai na nguruwe wanalishwa hayo hayo. Mwaka 2016 akademia ya taifa ya sayansi ya hapa ilitoa ripoti kubwa kabisa, wakapitia tafiti mamia kwa mamia, hawakuona ushahidi kwamba vyakula hivi vina hatari kwa afya ya mtu kuliko vile vya kawaida. Na kuanzia 2022 sheria inataka baadhi ya vyakula vya aina hiyo viandikwe kwenye pakiti, asiyetaka anaacha ananunua kingine.

Mimi msimu wa mavuno naendesha lori la nafaka, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, natoa mahindi shambani kwenye kombaini napeleka kwenye maghala. Ukifika unapanda mizani na lori lako, linashuka bomba moja refu toka juu linachoma kwenye mzigo linanyonya sampuli, wanapima unyevu, wanaangalia uchafu na punje zilizooza, unapewa karatasi unaenda kumwaga. Mkulima ninayembebea anavuna zaidi ya tani 5 kwa heka moja, yaani gunia 50 na ushee za kilo mia. Dada yangu kule Kongwa, Dodoma, akipata gunia 8 kwa heka mwaka wa mvua nzuri tunamshukuru Mungu.

Hapa lazima niseme ukweli maana kuna watu wanaupindisha. Hizo gunia 50 hazikuletwa na GMO peke yake, na anayekuambia hivyo anakuuzia mbegu. Udongo wa Iowa ni mweusi tii, mvua ipo, mbolea ya kumwaga, mashine, mkopo wa benki, bima ya mazao, barabara mpaka mlangoni mwa shamba, na mbegu chotara zilizoboreshwa tangu enzi za kina babu zao. Mpe dada yangu mbegu ya GMO bila mbolea na mvua ikagoma Januari, hatavuna gunia 50. Ninachokitaka mimi kwa ajili yake ni kitu kidogo zaidi ya hapo, asigawane na wadudu kile kidogo alichopata.

Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini 2017 kilimo cha mahindi kwetu kimekuwa mateso. Dada asubuhi kabla jua halijakaza anapita na ndoo ya mchanga na majivu, anatia kidogo kidogo kwenye moyo wa mhindi, mche kwa mche, heka nzima, mgongo umepinda. Ikishindikana anaazima bomba la mgongoni, ananunua dawa kwenye duka la pembejeo, maelezo yenyewe yameandikwa vimaandishi vidogo hasomi, mdomo kaufunga na mtandio, glavu hana, na hiyo dawa akipuliza upepo unamrudishia mwenyewe usoni. Jioni macho mekundu, kichwa kinamgonga. Halafu kuna bungua, yule anayetoboa bua, huyo akishaingia ndani hata upulize nini umemkosa.

Mahindi ya Bt ndiyo dawa ya huyo. Bt ni bakteria wa kawaida wa udongoni, Bacillus thuringiensis, hata wakulima wa kilimo hai wanampulizia mashambani kama kiuatilifu cha asili. Wanasayansi walichukua jeni moja (kinasaba) toka kwake wakaiingiza kwenye mhindi, mmea ukawa unatengeneza protini ya kutoboa utumbo wa kiwavi anayeutafuna. Utumbo wa kiwavi ni wa alkali na una mahali pa hiyo protini kunata, wetu ni wa asidi na hauna, tunaimeng'enya kama protini nyingine. Mkulima wa Iowa kwa bungua hapulizi kabisa, mbegu imeshamaliza kazi. Sasa niambieni, kati ya huyu wa Iowa aliyekaa kwenye trekta lenye kiyoyozi na dada yangu mwenye bomba mgongoni, nani anahitaji zaidi mbegu inayopigana na mdudu yenyewe?

Na kuna jambo ambalo kwenye klipu hawaligusi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, watu wetu, kwa mahindi yetu ya asili yaliyolimwa na mikono yetu wenyewe. Mdudu akitoboa gunzi anaacha kidonda na kuvu anapata pa kuingilia, ndiyo maana tafiti nchi mbalimbali zimekuta mahindi ya Bt yana fumonisini kidogo, hiyo ni sumu moja wapo ya kuvu. Kwa aflatoksini, sumukuvu yenyewe iliyoua kwetu, matokeo hayajanyooka hivyo, kukausha vizuri na kuhifadhi bado ni lazima, sidanganyi mtu. Lakini kutiana hofu juu ya chakula ambacho dunia inakula tangu 1996, huku hii iliyoshaua majirani tunaipita tu, mimi inaniuma sana.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwa linatafutwa pale pale jirani na sisi. Makutupora, Dodoma, Oktoba 2016 watafiti wetu Watanzania walianza jaribio la mahindi ya GMO ya kuvumilia ukame, shamba la uzio, lina walinzi, taratibu zote. Novemba 2018 wizara ya kilimo ikaagiza jaribio lisimame na vilivyomo viteketezwe, na 2021 ikarudiwa tena kwamba hatutaki. Kama yale mahindi yalikuwa mabaya, shamba lingetuonyesha na tungeyakataa tukiwa na namba zetu mkononi. Tumechoma mtihani kabla ya kusahihisha.

Watu watasema limeni mtama, Dodoma sio ya mahindi. Mtama tunalima, uwele tunalima, na ndege kwelea kwelea wanafaidi zaidi yetu, lakini soko la Kibaigwa malori yanakuja kubeba mahindi, na ada ya mtoto inalipwa na kinachonunuliwa.

Sasa na mabaya ya huku niyaseme. Mkulima wa hapa mfuko wa mbegu 80,000 analipa zaidi ya dola 200, huo haumalizi hata heka tatu, na anasaini mkataba kwamba hatatunza mbegu kwa msimu ujao. Kuna mzee mkulima wa soya wa Indiana, kesi yake ya kupanda tena mbegu ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani 2013, akashindwa na Monsanto, kampuni ya mbegu hizo, kwa kauli ya majaji wote. Halafu zile mbegu za kustahimili dawa ya magugu zimepuliziwa dawa ile ile miaka nenda rudi mpaka magugu yakazoea, na gugu linalosumbua zaidi Iowa ni ndugu wa damu wa mchicha, linapanda juu ya soya dawa haliisikii, wakulima wanarudi kuongeza dawa nyingine kali zaidi. Hata mdudu wa mizizi ya mahindi alishagundulika hapa Iowa anaishi na Bt bila shida, kwa sababu watu walirudia mbegu hiyo hiyo shamba hilo hilo kila mwaka. Burkina Faso nao waliingia kwenye pamba ya Bt 2008, wadudu wakapungua kweli, ila nyuzi zikawa fupi bei ikashuka, 2016 wakaacha.

Mengi ya haya ni makosa ya namna ya kumiliki na kutumia, na yanaepukika, wapo walioyaepuka. Bangladesh tangu 2014 wanalima biringanya za Bt zilizotolewa na taasisi ya utafiti ya serikali, mkulima anatunza mbegu yake mwenyewe, na dawa wanazopuliza zimepungua sana. Nigeria waliidhinisha kunde za Bt 2019 toka kwa watafiti wa chuo cha Ahmadu Bello, Zaria, mkulima akivuna anaweka ya kupanda mwakani. Hata mahindi ya mradi ule wa Makutupora jeni zilitolewa bila malipo ya hakimiliki. Na tusijidanganye kwamba saivi tuko huru, mbegu chotara anayopanda dada kila mwaka anainunua upya dukani, akipanda alichovuna kinamtoka kifupi kirefu.

Kenya waliingia woga Novemba 2012 kwa utafiti mmoja wa panya wa Ufaransa, jarida lenyewe likauondoa mwaka uliofuata, marufuku ya GMO waliyoweka ikakaa karibu miaka 10, wakaja kuiondoa Oktoba 2022 ukame umeshaua ng'ombe, na hata hapo kesi zikaanza. Sisi tusingoje njaa ndiyo itufungulie. Mbona insulini hatukuikataa? Inatengenezwa na vijidudu vilivyowekewa jeni ya binadamu, tangu 1982, na bibi zetu wa sukari wanajidunga kila siku.

Ninachoomba wenye mamlaka ni haya: TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, warudishiwe shamba la Makutupora, wajaribu mbegu za bungua na viwavijeshi misimu ya kutosha, matokeo yatangazwe redioni kwa Kiswahili mazuri na mabaya, wakulima wa Kongwa na Kiteto wapelekwe wakayaone kwa macho. Yakifaa, mbegu itoke kwa taasisi ya umma, iwe na lebo, asiyetaka aendelee na yake, na bei ya kiroba ijulikane mapema mwezi wa kumi, maana mvua zetu zikianza Desemba hakuna mtu wa kusubiri tangazo.