Picha za Sanamu Mbili Katika Somo la Historia

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Picha zake zipo: gavana kasimama juu, askari Mwafrika yuko chini anamtazama, na simba amelala hoi. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, wakaing'oa. Ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha miaka ya 1960. Mwaka 1927 Waingereza wakaweka sanamu yao: askari tunayempita kila siku Posta, katikati ya Dar es Salaam, peke yake, bunduki mkononi.

Mwalimu akibandika picha hizi mbili ubaoni bila maelezo, maswali huja yenyewe. Kwa nini yule anatazama juu na huyu anatazama mbele? Simba ni nani? Nani aliamua tukumbuke nini? Mwanafunzi anayeuliza hivyo ameshaanza kufanya kazi ya mwanahistoria, ndiyo maana naunga mkono ufundishaji huu wa kutumia picha.

Walimu wanaosita wana hoja. Kipindi ni kifupi, darasa limefurika, na mtihani wa kidato cha nne unasubiri insha. Hayo yana dawa: nakala chache zilizochapishwa, moja kwa kila kikundi, na picha moja tu kwa mada nzima.

Zito zaidi ni kwamba picha ina mwenye kamera. Nyingi za enzi za ukoloni zilipigwa na watawala au watu wao. Ukimwonyesha mtoto watu waliofungwa minyororo shingoni, kisha ukamuuliza "unaona nini?", unaweza kumfundisha kuwatazama mababu zake kwa jicho la aliyewafunga. Picha za namna hiyo mimi nisingeanza nazo kamwe. Zije mwishoni, pamoja na maneno ya walioteswa, yasipopatikana, ziachwe.

Kuna na hatari ya kubahatisha. Mwanafunzi anaweza kusema askari wa Posta alipigania uhuru. Kengele ikilia hapo, kosa linakwenda naye nyumbani. Lakini sanamu ile ina maandishi, yakiwemo ya Kiswahili, yanayowaenzi askari na wapagazi Waafrika waliomtumikia mfalme wa Uingereza vitani. Mwalimu ayalete baada ya dakika kumi za maswali, ili kila kikundi kipime dhana yake na kiseme kipi kimebadilika.