Namba Kubwa Ndiyo Nguvu

Siku ya kupeleka posa Ujiji, wajomba zangu walikuwa kwenye bajaji nje ya saluni pale Mwanga, wanapiga honi. Mshenga naye hakuiacha simu yangu ipumue. Mimi nipo kitini, nimefungwa shuka hadi shingoni, namsubiri kinyozi amalize kuisifu mashine yake mpya.

Alikuwa ametumiwa na shemeji yake aliyeko Marekani. Chuma kitupu, plagi ya pini mbili bapa, ubavuni imeandikwa 120V 60Hz. Kinyozi si mjinga kihivyo: alijua ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 inakufa. Kwa hiyo alikuwa amenunua transfoma, boksi jeusi lenye mkono wa kubebea, na mbele matundu mawili ya kuchomekea plagi. Moja 110, jingine 220.

Elimu yake iliishia hapo.

"Kaka, nywele zako ngumu hizi. Ngoja nikuwekee namba kubwa."

Tundu lile la 220 halipunguzi kitu. Transfoma inabaki pambo la mezani. Alipowasha, mashine haikunguruma, ilipayuka: trakatrakatraka! Mjomba mkubwa akachungulia dirishani kuuliza kama kuna boti la Kibirizi limepotea njia.

"Umeisikia Marekani hiyo?" kinyozi akapaza sauti.

Haki ya Mungu, ilinyoa. Upande wa kulia, sikioni hadi utosini, peupe. Kisha nikahisi joto kisogoni, ikafuata harufu ya plastiki iliyoungua, halafu moshi. Kimya. Upande wa kushoto msitu ulikuwa bado umesimama.

"Chukua ile ya zamani basi."

"Nimeiuza jana. Ya nini tena?"

Akaitwa fundi redio wa jirani. Akafungua mfuniko, akatuonyesha koili, ule waya uliozungushwa ndani ya mashine, nyeusi tii, kisha akaanza darasa kana kwamba mimi sipo. Koili ya 120 ukiilisha karibu mara mbili yake, chuma cha ndani kinashiba sumaku, mkondo unapanda kupita kiasi na vanishi ya waya inaungua. Tundu lake lilikuwa 110: ndani ya transfoma, waya wa upande huo una nusu ya mizunguko ya ule wa kuingilia, ndiyo maana 230 inatoka 115.

"Na hata hapo ingelegea," akaongeza, amenogewa. "Mashine ya namna hii inatetema kwa kufuata hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Kwao 60, kwetu 50. Transfoma inashusha volti, hezi haigusi kabisa. Ungekuja kwangu, hii skrubu ya pembeni tungeirekebisha tu..."

"Fundi, nina posa!"

Ukatafutwa wembe. Nikatoka kipara kinachong'aa, nikavaa kanzu na kofia ya mjomba, tukaondoka.

Ujiji joto lilizidi. Nikavua kofia nijifute jasho, bibi wa binti akaniona.

"Mashaallah! Kumbe mkwe katoka Hija?"

Mshenga wetu hajawahi kushindwa kujibu swali. "Ndiyo, mama. Karudi juzi tu."

Baba mdogo wa binti, aliyekuwa mpole tangu tufike, akavuta karatasi ya mahari, akafuta tarakimu ya mwanzo.

"Aliyeweza nauli ya Makka," akasema, "laki tano zaidi haiwezi kumshinda."