Globu za LED: shemeji yuko sawa kwenye LUKU, mama yuko sawa chumbani

Nyumbani kwetu kuna mabishano yameanzishwa na globu tu. Shemeji kaja na boksi zima la LED, anataka za zamani zote zitoke siku hiyohiyo, mama kakubali sebuleni na jikoni ila chumbani kwake kagoma kabisa, anasema ule mwanga mweupe unamtoa usingizi mpaka saa saba usiku anajigeuza tu. Shemeji anasema mama anaogopa vitu vipya. Nimelikalia hili jambo na hesabu zake, mi naona wote wana hoja ila kila mtu anaongelea kitu chake.

Tuanze na hela. Globu ya kizamani ya wati 60, ile yenye kiwaya ndani, zaidi ya asilimia 90 ya umeme inaokula inageuka joto, ndo maana ukiishika inawaka inakubabua. LED ya wati 9 inakupa mwanga karibu uleule. Chukua taa nne, kila moja inawaka masaa matano kwa usiku: za zamani zitakula uniti 36 kwa mwezi, LED hazifiki hata 6. Kwa sisi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambao elfu kumi inatupa kama uniti 28, hiyo ni zaidi ya elfu kumi inabaki mfukoni kila mwezi. Na wale wa matumizi madogo, ambao uniti 75 za kwanza za mwezi wanauziwa shilingi 100 kila moja kabla ya makato, hizo uniti 30 ndo zinaweza kuamua wabaki humo au wavuke waanze kununua kwa 350. Hapa shemeji sina cha kumpinga.

Ila ni wangapi bado wana za wati 60? Wengi tulishahamia enaji seva zamani, na kutoka enaji seva ya wati 15 kwenda LED ya 9 unaokoa wati 6 tu, yani kwa masaa hayohayo haifiki uniti moja kwa mwezi kwa kila taa, ni shilingi mia tatu na kitu. Kwa hela peke yake hakuna haraka ya kung'oa inayowaka vizuri. Sababu nzito ya kuachana nazo ni zebaki, ile metali ya sumu iliyomo ndani yake. Ni kidogo, miligramu chache, lakini ikipasuka inatakiwa ufungue madirisha, watu watoke kama dakika kumi, vipande uokote kwa karatasi ngumu na sio kufagia. Sisi tunafagia na kutupa jalalani ambako watoto wanachezea, na hilo linaniuma sana. Ndo maana kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, nchi zilikubaliana 2022 kwamba enaji seva hizi za majumbani zisitengenezwe wala kuuzwa nchi kwa nchi baada ya 2025.

Sasa mama. Ukifungua LED iliyoungua utaona vidude vidogo vya njano vimepangwa kwenye kisahani, ile njano ni poda tu imepakwa juu, chini yake chipu inatoa mwanga wa bluu, na ni bluu hiyo iliyowapa wanasayansi wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, tuzo ya Nobeli 2014. Kwenye globu iliyoandikwa 6500K (namba ya K inaonyesha rangi ya mwanga), ile nyeupe kali, bluu ni nyingi, na bluu usiku inauambia mwili bado mchana, homoni ya usingizi inachelewa. Madukani kwetu 6500K ndo imejaa, na wanunuzi tunaangalia wati tu, namba ya K hakuna anayeuliza.

Wanasayansi wa Umoja wa Ulaya walipitia suala hili 2018 wakasema hawakuona ushahidi kwamba LED kwa matumizi ya kawaida zinamdhuru moja kwa moja mtu mwenye afya, ila wakataja kwamba watoto na wazee mwanga wa bluu unaweza kuwasumbua zaidi. Ufaransa shirika lao la usalama wa afya, ANSES, 2019 likashauri majumbani watu watumie za chini ya 3000K, zile zenye unjano. Kwahiyo mama hajatunga, na shida sio LED, ni rangi ya LED aliyoletewa.

Halafu ubora. Mwaka jana nilinunua sita za bei chee, tatu zikafa ndani ya miezi minne wakati boksi linasema masaa 15,000. Vile vidude vimeungwa kwa mstari mmoja, kimoja kikiungua kinaweka kidoa cheusi na globu nzima inazima. Fundi wa mtaani anakiruka kwa risasi inawaka tena, lakini mara nyingi haidumu. Nyingine inawaka huku inapepesa, macho hayaoni ila elekeza kamera ya simu utaona mistari inatembea, na kuna watu hiyo inawapa kichwa kuuma. Elfu kumi ya shemeji inaliwa hapo.

Faida kubwa kabisa ya kiafya mi naiona kwingine, vijijini. LED inakula umeme kidogo kiasi kwamba kipaneli kidogo cha sola na betri yake kinaiwasha usiku kucha, kibatari kinatoka na moshi wake, mtoto anasoma bila kukohoa. Hapo sioni hoja ya upande wa pili.

Kwa mama nimetafuta ya wati 5 ya 2700K, imechukua maduka manne kuipata, kaiwasha kasema hii sawa. Imebaki moja ya wati 60 nyuma ya nyumba kwenye boksi la vifaranga, shemeji aliitaka na hiyo, tukamwonyesha vifaranga walivyojikusanya chini yake. LED haitoi joto la kutosha kulea kifaranga, hiyo haitoki mpaka waote manyoya.