Edward Cooper, miaka minne

Jumapili nilipanda basi kutoka Sheffield hadi Eyam, kijiji kidogo cha Derbyshire. Sikuwa nimetembea hata dakika kumi, nikanasa mbele ya nyumba ya mawe yenye kibao cha kijani. George Viccars, aliyekuwa wa kwanza kufa, tarehe 7 Septemba 1665. Edward Cooper, miaka 4. Jonathan Cooper, miaka 12. Alexander Hadfield, baba yao wa kambo, Agosti ya mwaka uliofuata. Mama wa watoto hao, Mary, alipona peke yake, akiwa amepoteza ndugu 13.

Mwenye nyumba akatoka na mkasi wa kupogolea. Nikajua nafukuzwa. Akanisalimia tu, akaendelea na maua yake. Anapika, analala, na orodha ya marehemu iko dirishani. Kwetu nyumba hiyo hata ukiitoa bure hupati mtu.

Ni tauni. Inasemekana iliingia na furushi la kitambaa kutoka London lililofunguliwa na Viccars, fundi wa nguo. Ikaua watu wapatao 260. Juni 1666 mchungaji William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley wakawashawishi wanakijiji wajifungie ili wasiambukize jirani. Chakula kikaachwa mpakani. Jiwe la mpaka huo bado lipo, lina matundu sita. Humo waliweka sarafu za kulipia chakula ndani ya siki, wakiamini inaua ugonjwa. Nilitia kidole kwenye tundu moja, kikazama nusu, nikakuta maji ya mvua. Msalaba wa karne ya 8 ulioko kanisani watu walikuwa wakiupiga picha, mimi niliupita.

Miguu ilinilegea kwenye makaburi ya Riley, nje ya kijiji, ndani ya ukuta wa mviringo uwandani. Elizabeth Hancock aliwazika hapo mumewe na watoto sita, kwa siku nane, mwenyewe.

Sasa mimi ni wa Lushoto. Tauni sikuisoma kitabuni. Tangu 1980 ilitupiga, ikaondoka, ikarudi, miaka zaidi ya ishirini. Maelfu waliugua, mamia walikufa. Nakumbuka harufu ya dawa ya viroboto ndani ya nyumba, na yule bwana afya akituambia tusilale chini, kana kwamba ameshusha vitanda kwenye gari. Nionyesheni kibao kimoja chenye jina la mtoto wa miaka minne.

Vibao tunavyo, tena vya marumaru! "Jiwe hili limewekwa na mgeni rasmi, Mheshimiwa..." Choo cha soko kina jina la mtu, na choo chenyewe hakijawahi kupata maji.

Najua nitakavyojibiwa. "Kala baridi ya Ulaya miaka mitatu, leo anatufundisha kuzika." Sijasema hivyo, jamani. Kuzika tunajua kuliko hawa. Huku msiba unaisha kwa sandwichi na saa moja ya maongezi. Na majina tunarithishana, mimi mwenyewe nabeba la babu. Mwingine atasema hawa Waingereza wanajipamba tu. Kweli, hata Mompesson aliwahi kuwapeleka watoto wake Yorkshire kabla hajawaomba wenzake wabaki na wao. Mkubwa ni mkubwa, karne yoyote. Ila mkewe Catherine alibaki, akafa, na kaburi lake liko pale kanisani.

"Kwa hiyo unataka serikali iweke vibao?" Nani kaitaja serikali? Bati, rangi na kijana mwenye mwandiko mzuri, basi. Mnachangia harusi mpaka ukumbi unakosa pa kuegesha magari, hapa ndipo mnaniuliza bajeti?

Nikiwa kituoni nikisubiri basi la kurudi, nikampigia shangazi. Nikamwomba anitajie waliokufa kwa tauni pale kwetu, nyumba kwa nyumba.

"Baba, kwani kuna fidia?"

Nikamwambia hakuna, nataka kuandika tu. Akacheka kidogo, akaguna, akaanza. Nikaandika nyuma ya risiti, nikageuza, nikaandika pembeni. Sikutegemea wangekuwa wengi hivyo kwenye mteremko mmoja. Alipofika nyumba ya tano akanyamaza nikadhani simu imekatika.

"Na yule kichanga ambaye walikuwa hawajampa jina," akasema, "huyo utamwandikaje?"